Kabla ya oda ya Marekani, ijue Namanga

Mwaka 2017 nilikuwa na vyerehani sita hapa Arusha, vyote vikimshonea mteja mmoja wa Nairobi. Yeye alipeleka nguo Marekani kwa AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kusini mwa Sahara kuingia kule bila ushuru. Ghafla oda zikakatika. Mteja aliingiwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu.

Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vipumue. Wauza mitumba wa Marekani wakalalamika, na serikali yao ikatishia kutunyima AGOA. Kenya ikarudi nyuma mapema, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo, haikutetereka. Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru wa AGOA. Inaniuma hadi leo: tuliamua pamoja, tukaja kujibu kila mtu kivyake.

Fundi mwenzangu, AGOA ni ya Bunge la Marekani. Bunge huipangia muda, na kila mwaka serikali yao hukagua nani abaki. Soko la jirani lina haki zako ndani yake. Tuna umoja wa forodha tangu 2005: shati lililoshonwa hapa huingia Kenya bila ushuru, wakati la kutoka nje ya Jumuiya kwa kawaida hukutana na ushuru wa asilimia 35.

Ila haki hiyo inadai karatasi. Mzigo wangu wa kwanza, mashati 80, niliuvusha Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, bila cheti cha uasilia, yaani karatasi inayothibitisha bidhaa imetengenezwa ndani ya Jumuiya. Nikatozwa kama niliyetoka ng'ambo, faida yote ikaishia pale. Mzigo usiozidi dola 2,000 hupewa cheti rahisi palepale mpakani, mradi bidhaa imo kwenye orodha ya nchi hizo mbili. Iulizie kabla hujapakia. Mkubwa zaidi, omba cheti mapema. Na tunza risiti za vitambaa! Kama kitambaa ni cha China, utaulizwa kazi gani imefanyika hapa.

Siku hizi oda za ng'ambo nazipa vyerehani viwili tu. Vinne vinashona sare za shule za Nairobi, na kwa kuwa shule hufunguliwa Januari, Oktoba tayari tunakata vitambaa.