Igizo la malaria halihitaji maleba

Mwalimu wa darasa la tano ameniandikia akiuliza apate wapi maleba, yaani mavazi ya kuigizia, ya bei nafuu. Anataka watoto wake 60 waigize somo la malaria. Mwalimu mwenzangu, maleba achana nayo. Chora mwili wa mtu uwanjani, urefu wa mita 6 hivi, wenye ini na mshipa mmoja mnene wa damu. Chora kwa majivu. Kwenye udongo chaki haionekani.

Gawa watoto sita sita. Makundi sita yaigize hatua moja moja: mbu jike wa Anofelesi anauma na vimelea vinaingia kwenye damu, vinajificha ndani ya ini na kuzaliana, vinatoka kuvamia chembe nyekundu za damu, chembe zinapasuka, homa inapanda, mbu mwingine anamuuma mgonjwa na kuondoka na vimelea. Makundi manne yaliyobaki yaandike makosa, kisha kipindi kijacho yaigize.

Dakika 10 za kujiandaa, 15 za kuigiza, 15 za maswali. Usiwaandikie maneno. Ngonjera ina siku yake, lakini aliyekariri beti kumi anaweza kuzighani zote bila kujua ini liko upande gani. Sharti liwe moja: kila kundi sentensi tatu tu, mengine wayatende.

Mambo huharibika chembe zinapopasuka. Wavulana huangushana, darasa likacheka, na somo likaishia hapo. Wapasuke polepole, ukigonga dawati mara nane. Na yule mchangamfu wa kila siku usimpe nafasi ya mbu. Mpe mtoto mkimya, kwa sababu mbu hahitaji kusema, analia tu.

Maswali ndiyo somo lenyewe. Mradi wa Tuseme, ulioanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, uliwapa wasichana wa sekondari nafasi ya kuigiza matatizo yao na kuyajadili. Igizo bila mjadala lingekuwa burudani tu. Basi mkalishe kimelea kitini, darasa limhoji: mbona homa haikupanda siku ileile? Akijibu "nilikuwa kwenye ini", ameelewa. Akibabaika, warudie hatua hiyo. Usianze kuhutubia!

Nanyi wakuu wa shule mnaokumbuka maigizo mgeni rasmi anapokuja tu, mnawanyima watoto haki yao. Mkuu wako akija kuuliza kelele ni za nini, mpe kalamu naye aandike makosa.