Stadi za DBT kwa video za bure: nilivyojifunza nikiwa mbali na mtaalamu

Ndugu, umeuliza kama mtu aliye mbali na mtaalamu anaweza kujifunza stadi za DBT, yaani tiba ya tabia ya kidialektika, ambayo ni tiba ya kisaikolojia inayofundisha kumudu hisia kali, kwa video za bure. Inawezekana, kwa kuwa mimi nilijifunza hivyo nikiwa Iringa, baada ya kushindwa kumudu nauli za kwenda Dar es Salaam kwa mwanasaikolojia aliyeniingiza katika mafunzo haya.

Nilianza na chaneli ya YouTube iitwayo DBT-RU, ya Chuo Kikuu cha Rutgers cha Marekani, ambayo video zake ni fupi na hazimalizi bando. Tovuti ya Now Matters Now, ya mwanasaikolojia Ursula Whiteside, ndiyo iliyonigusa zaidi, kwa sababu wanaozungumza humo ni watu waliowahi kutaka kujiua, nao wanaeleza stadi zilizowavusha. Hata Marsha Linehan, aliyeiunda tiba hii Seattle, alieleza hadharani mwaka 2011 kwamba alilazwa kwa maradhi ya akili akiwa na miaka 17.

Kosa langu lilikuwa kutazama nyingi kwa pamoja. Baada ya wiki mbili nilijua majina ya stadi zote, lakini siku niliyogombana na dada yangu kuhusu fedha za matibabu ya mama sikukumbuka hata moja. Kilichonifaa ni kushika stadi moja kwa wiki nzima na kuifanyia mazoezi nikiwa nimetulia, kisha jioni kuandika daftarini nilichokifanya. Nilianza na pumzi: nikisubiri chai ichemke, navuta kwa hesabu ya tano na kutoa kwa hesabu ya saba, hata hasira iliporudi mwili ukawa umeshazoea. Kisha nikajifunza kutenda kinyume, ambako kwanza unajiuliza kama hisia yako inalingana na mambo yalivyo, na isipolingana unatenda kinyume cha inakokusukuma. Mwanzoni niliona ni unafiki, mpaka nilipozungumza na dada kwa sauti ya chini na hasira yenyewe ikapungua. Stadi nyingine, ya kutumbukiza uso kwenye maji baridi ili kutuliza hisia kali, hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo amwulize daktari kwanza.

Tiba kamili ina pia mazungumzo ya ana kwa ana, msaada wa simu na timu ya watabibu wanaoshauriana, mambo ambayo video haiwezi kukupa. Ukijiwa na mawazo ya kujiua, mweleze mtu wa karibu na mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Video hizo ni za Kiingereza. Kama lugha ni kikwazo, niambie, nami nitaandika hapa maelezo ya stadi nne za kwanza kama nilivyoyaandika daftarini kwa Kiswahili.