Ua la Haibiskasi na Karatasi Mbichi

Wiki iliyopita niliuza picha yangu ya kwanza ya rangi za maji, ua moja tu la haibiskasi, na siku hiyohiyo kijana mmoja akaniandikia akitaka kujua kwa nini maua anayoyachora yanafanana na ya plastiki. Nimeona nimjibu hapa, kwa kuwa sisi tunaotaka kuishi kwa brashi wengi wetu tumeumizwa kichwa na swali hilohilo.

Mimi nimelelewa katika Tingatinga, uchoraji ambao Edward Saidi Tingatinga aliuanzisha Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa, zile zinazopakwa baiskeli, juu ya hadibodi. Humo unapaka usuli ukauke, unapaka umbo likauke, ndipo unatia madoa na mistari, na kila rangi inakaa ndani ya mpaka wake. Kwa miaka kumi na miwili nilichora maua kwa namna hiyo bila kuweka ua mbele yangu hata mara moja, kwani mkono ulikwisha kuyakariri. Nilipomweleza mzee aliyenifundisha kwamba nataka kujaribu rangi za maji, alinijibu mbele ya wenzangu kuwa hizo ni rangi za watoto wa shule. Maneno yale yaliniuma, na mpaka leo yananiuma.

Nilianza vibaya. Karatasi nyembamba ya daftari la michoro ilijikunja, maji yakatuama, nyekundu ikakimbilia isikotakiwa. Ndipo nikajinyima nikanunua karatasi nene ya pamba, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, nikaibana ubaoni kwa utepe, na saa moja asubuhi nikachuma ua uani. Nililowesha karatasi mahali pa petali moja tu, nikasubiri maji yaache kutembea na ubaki mng'ao kama wa ngozi iliyopakwa mafuta, kisha nikagusisha nyekundu iliyokoza pale chini petali inapoanzia. Rangi ilipanda yenyewe taratibu, ikififia kadiri inavyokaribia ukingo, ikasimama. Nililitazama ua lenyewe, nikaitazama karatasi, machozi yakanilengalenga.

Petali ya pili niliiharibu kwa pupa: niliongeza tone la maji rangi ikiwa imekauka nusu, maji yakaisukuma pembeni na kuacha doa lenye kingo za mikunjo kama koliflawa. Doa hilo halifutiki.

Kwa hiyo, mdogo wangu, lowesha karatasi kisha subiri. Ukiona bado inachuruzika, subiri. Ukiona mng'ao umetoweka, usiiguse tena mpaka ikauke kabisa. Msimu wa masika kusubiri huko ni kurefu, lakini usiiwashie feni, maana itakaukia upande mmoja. Sehemu nyeupe ziache tangu mwanzo, kwa sababu weupe wako ni karatasi yenyewe. Na acheni, ndugu zangu, kuchora maua ya kukariri! Ua liko uani, limefunguka alfajiri, na kwa kawaida haibiskasi ikifika jioni imekwisha kunywea. Mchoraji asiyeamka kulitazama anadai kulijua kwa haki gani?

Ukimaliza petali moja, usiifuate ya jirani yake ilhali ile ingali mbichi, zitaingiliana. Ruka uchore ya upande wa pili, na kile kijiti cha katikati chenye chavua za manjano kiache cha mwisho, juu ya karatasi kavu.