Jibu: Kiwanja cha linksi mbali na bahari, mpira haubiringiki

Ndugu mleta mada, salaam. Umeeleza kwamba kiwanja chenu cha gofu cha mashimo tisa, nje ya Masasi, kimechongwa vilima na mashimo ya mchanga (mitego ya mpira) kwa mfano wa linksi, yaani viwanja vya gofu vya ardhi ya mchanga ya pwani ya Uskoti, ambako mpira hubiringika chini, lakini chenu mpira ukianguka hunata badala ya kubiringika.

Kabla hujagusa kilima chochote, chunguza udongo. Mimi si mchoraji wa viwanja; nilisimamia tu uwanja wa nyasi nje ya mji wa Lindi, na kosa letu lilikuwa kumwaga udongo mweusi wa mbugani, tukidhani rutuba ndiyo uzuri. Chimba shimo la kina cha goti, mimina ndoo ya maji ya lita 20, yakishanywewa mimina nyingine. Maji ya pili yakituama mpaka jioni, tatizo umelipata: udongo haupitishi maji. Kiwanja cha gofu cha Sand Hills, Nebraska, Marekani, kilichofunguliwa mwaka 1995, kiko mbali kabisa na bahari, lakini huchezeka kama linksi kwa sababu kimekaa juu ya mchanga wa asili.

Feskyu, nyasi za Uskoti, hupenda baridi, kwa hiyo usihangaike nazo. Ukoka wetu unatosha, mradi ukatwe mfupi, unyimwe mbolea nyingi na maji ya kila siku, na unyunyiziwe mchanga kidogo kidogo. Mbele ya kila grini (eneo la nyasi fupi lenye tundu la mpira) acha njia wazi ili mpira uingie ukibiringika, na mikorosho inayokinga kusi ipunguzwe, maana upepo ndio ugumu wenyewe wa mchezo huu. Mashimo ya mchanga yawekeeni mifereji chini, la sivyo mvua za Januari zitayageuza visima.