Jibu: Kebo zilizogandishwa kwa naitrojeni zina faida?

Ndugu yangu, umeuliza kama ulipie kugandishiwa kebo zako za spika, maana za rafiki yako zilipelekwa nje na ziliporudi sauti ikafunguka. Miaka mingi nafunga mitambo ya taarab, Unguja na Pemba, na jambo hili nimelijaribu kwa mikono yangu. Kwa kebo za shaba, pesa yako iweke mfukoni.

Jamaa yangu anafanya kazi ya kupandikiza ng'ombe mbegu. Mbegu zile hukaa kwenye mtungi wa naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Akanimiminia kidogo kwenye boksi la povu, kama lile la samaki. Nikatumbukiza waya wa shaba wa kufungia mota, unene milimita 0.2, urefu kama mita 100. Kabla ya hapo mita yangu ya kupimia umeme ilisoma omu 55, yaani kiasi waya unavyouzuia umeme. Ndani ya baridi zikaporomoka hadi karibu 7! Nilifurahi sana. Kesho yake waya umesharudi joto la chumbani, nikapima: 55 ile ile. Baridi hutuliza mtikisiko wa atomi, umeme ukapita kwa wepesi. Joto likirudi na mtikisiko unarudi. Kipande cha kebo ya kawaida nacho nilikikunja kikiwa bado baridi, ganda lake la plastiki likapasuka kama kigae.

Chuma cha zana ni habari nyengine, hicho baridi hukifaa. Kikishachovywa kikiwa cha moto ili kipate ugumu, sehemu ya umbo lake la zamani, austenaiti, hubaki bila kugeuka. Baridi kali, ikiteremshwa polepole na kushikiliwa saa 24 au zaidi, huigeuza kuwa martensaiti, umbo gumu zaidi, na baadaye chuma hupashwa moto kidogo kisiwe chepesi kuvunjika. Makali hudumu zaidi. Shaba haina umbo la pili la kugeukia.

Basi rafiki yako alisikia nini? Naamini alisikia kweli. Wete, kwenye harusi moja, ganuni, ile ala ya nyuzi, ilikuwa ikikwaruza kwenye spika usiku kucha. Nilichomoa jeki, nikaikuta ina kutu ya kijani; nikaifuta kwa spiriti, nikaichomeka, ganuni ikatoka safi hadi mwanamke mmoja wa mbele akageuka kunitazama. Huku kwetu hewa ya chumvi inakula pini. Kebo ikichomolewa kwenda kugandishwa na kuchomekwa tena, pini husuguana na ile kutu hutoka. Kazi hiyo kitambaa na spiriti vinaifanya.

Jaribu hivi: chukua kebo ya rafiki yako na yako ya aina na urefu uleule, safisha pini za zote mbili. Mtu mwengine azibadilishe nyuma ya pazia mara 10, kwa kurusha sarafu, wewe useme ipi inapiga. Kisha tuandikie hapa umepatia ngapi.