Stendi ya chuma haisimamishi maiti

SWALI: Nafundisha historia sekondari, mjini Tanga. Klabu yetu inaandaa maonyesho ya maisha ya Waingereza enzi za Malkia Victoria, na wanafunzi wamepakua picha nyingi mtandaoni. Zilizowagusa zaidi ni za maiti waliosimamishwa kwa stendi ya chuma wakapigwa picha pamoja na ndugu zao. Stendi inaonekana nyuma ya miguu, na macho yao ni meupe. Nitajuaje ipi ni ya kweli, na niangalie wapi bila kulipia?

JIBU: Mwalimu, hao waliosimama wote walikuwa hai. Hakuna uongo kuhusu picha za enzi hizo uliosambaa kuliko huu, na kila ukikanushwa huibuka upya na kichwa cha habari kipya.

Stendi hiyo ilikuwa na kitako kizito, nguzo ya kurefusha na kufupisha, na juu kabisa koleo la pembe mbili lililogusa kisogo cha mteja. Kazi yake ilikuwa kumzuia mtu asitikisike. Picha za dagerotipu, yaani zile za mwanzo kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha, zilizotangazwa mwaka 1839, mwanzoni zilidai mtu atulie hata dakika kadhaa. Mwingereza Frederick Scott Archer alipotoa njia ya kolodioni, dawa ya kunata inayopakwa kwenye kioo, mwaka 1851, muda ulishuka hadi sekunde chache, lakini sekunde chache zinatosha kichwa kuyumba na uso ukatoka kama ukungu. Ndiyo maana stendi ikabaki studio. Kubeba uzito haiwezi: egemeza hapo mwili wa kilo 60 na magoti yatakunjika, mwili na stendi vianguke pamoja. Kuna wanaojibu kwamba maiti hukakamaa. Hukakamaa, ndiyo, kwa namna ile ile alivyolazwa, na baada ya siku moja au mbili hulegea tena. Hakuna kukakamaa kunakompa mtu uwezo wa kusimama wima.

Macho meupe nayo ni kemia tu. Kemikali za wakati ule ziliitikia sana mwanga wa bluu, na nyekundu hazikuiona karibu kabisa. Kwa hiyo macho ya bluu hutoka meupe kama ya kipofu, na mikono iliyowiva kwa jua na kazi hutoka myeusi, halafu mtu anaandika eti damu imeganda vidoleni. Aliyepepesa macho alichorewa mboni na fundi juu ya picha. Na yule anayeonekana wazi kuliko wenzake, anayesemwa ndiye marehemu, ni aliyetulia vizuri kuliko wengine. Zipo pia picha za mtoto aliyepakatwa na mwanamke aliyefunikwa shuka gubigubi. Huyo ni mama anamshika mwanawe asichezecheze, na anayeshikwa asichezecheze ni mzima.

Picha za maiti zilikuwepo, sikatai. Ila humo marehemu amelazwa: kitandani, kwenye kochi, jenezani, au ni mtoto mchanga mapajani mwa mama yake, mara nyingi macho yamefumbwa. Watoto ni wengi humo kwa sababu Uingereza ya wakati huo ilipoteza takriban watoto 150 kati ya kila 1,000 kabla hawajatimiza mwaka, na kwa familia nyingi hiyo ndiyo picha pekee ya mtoto waliyowahi kuwa nayo. Wanafunzi waelezwe hivyo kabla hawajacheka.

Kuhakiki: pakia picha kwenye TinEye, tovuti ya bure inayoonyesha picha hiyo imetokea wapi mtandaoni, panga matokeo uanze na ya zamani zaidi, kisha fuata hadi ufike kwenye jumba la makumbusho au maktaba yenye namba ya kumbukumbu. Usipofika, iache. Ukifika, tafuta mgongo wa kadi ambayo picha imebandikwa, maana huko ndiko kwenye jina la studio na anwani yake. Linganisha na vitabu vya orodha za wafanyabiashara vilivyowekwa mtandaoni bure na Chuo Kikuu cha Leicester. Studio zilihamahama, hivyo anwani moja hukubania miaka. Pima na ukubwa. Kadi ndogo, kama sentimita 6 kwa 10, zilivuma Uingereza kuanzia 1860. Kubwa, kama 11 kwa 16.5, zilianza 1866. Anayekuambia kadi ya namna hiyo ni ya 1845 hajui anachouza. Ukikuta stempu ya kodi mgongoni, hiyo ni ya Marekani, ya kati ya 1864 na 1866, na picha nyingi zinazoitwa za London ni za huko.

Kwa maonyesho yenyewe anza na National Portrait Gallery, jumba la picha za watu lililoko London. Wanayo madaftari ya studio ya mpiga picha Camille Silvy, picha takriban 17,000 zilizobandikwa kwa mfuatano. Mtafute humo Sara Forbes Bonetta, binti wa Kiyoruba aliyelelewa chini ya ulezi wa Malkia, alivyopigwa picha mwaka 1862. Jina, studio, mwaka: vyote vipo.

Wanaosambaza maiti waliosimama ndio hao hao wanaosema Waingereza walivalisha miguu ya piano nguo kwa haya. Kisa hicho kilitoka kwa mwandishi Mwingereza Frederick Marryat mwaka 1839, na alikuwa akiwasimanga Wamarekani. Na wauza picha wana sababu yao: picha ya mama aliyeketi haina bei, iandike “maiti” uone wanunuzi wanavyogombania. Maelezo ya muuzaji si ushahidi. Programu ya kupaka rangi nayo hubahatisha rangi ya gauni, na akili mnemba ukiiomba picha ya maiti aliyesimama itakutengenezea papo hapo. Hizo za akili mnemba huenda ukazikamata ukikuza picha: vifungo visivyo na tundu, stendi iliyoungana na mguu, maandishi ya studio yasiyosomeka. Tundikeni picha isiyopakwa rangi, na chini yake namba ya kumbukumbu ya jumba inapohifadhiwa, ili mgeni mwenye shaka aitafute mwenyewe.