San Juan Msimu wa Mvua: Namna ya Kuchagua Wiki, Nyumba na Saa za Kutembea

Karibu kila anayeniuliza juu ya kwenda San Juan, mji mkuu wa Puerto Rico, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Marekani, huwa tayari amepanga kwenda kati ya katikati ya Desemba na Aprili, kipindi ambacho mvua ni chache na Wamarekani wa majimbo ya kaskazini hukimbilia visiwani kuikwepa theluji, na huwa tayari ameshtushwa na bei za vyumba. Mimi humshauri aende msimu wa mvua. Ninaupenda mji huo zaidi wakati huo: meli nyingi za kitalii huwa zimehamia Alaska na Ulaya, mitaa ya mji mkongwe inapitika, na wenyeji wana nafasi ya kuzungumza na mgeni. Hata hivyo ushauri huu una masharti, kwa sababu miezi hiyo ina mvua na pia ina vimbunga, na mambo hayo mawili hayapangiwi safari kwa namna moja.

Nianze na mvua, kwa kuwa ndiyo inayowatisha watu bure. Aliyezoea masika ya Dar es Salaam, ambapo mawingu yanaweza kuukalia mji kutwa na barabara za mabondeni zikafungwa, ataona tofauti mapema. Upepo wa mashariki unaovuma Puerto Rico karibu mwaka mzima huleta wingu, wingu likamwaga mvua kubwa kwa muda mfupi, kisha upepo uleule ukalisukuma mbele na jua likarudi. Zipo siku za mvua ya mfululizo, na Novemba ni miongoni mwa miezi yenye mvua nyingi zaidi, lakini siku ya kawaida hukuachia saa nyingi za kutembea ukizitumia vizuri. Mvua nzito mara nyingi hujengeka mchana, baada ya jua kuipasha joto milima ya katikati ya kisiwa, kwa hiyo mambo ya nje yafanye asubuhi.

Asubuhi hizo nakushauri uzitumie kwenye ngome. El Morro, iliyoanza kujengwa mwaka 1539 kulinda mlango wa bandari, inafikiwa kwa kuvuka uwanja mpana wa nyasi ambao wenyeji hurushia tiara. Uwanja huo hauna mti wala kibanda, na radi ikianza kunguruma usisubiri kuona itakuwaje. Ondoka mara moja. Mwavuli hautakufaa hapo, kwa kuwa upepo wa bahari utaugeuza nje ndani. Koti jepesi la mvua ni bora zaidi. Vaa pia viatu vyenye soli inayoshika, maana mitaa ya mji mkongwe imetandikwa matofali ya rangi ya buluu, yaliyotengenezwa kwa mabaki ya kuyeyushia chuma, na yakilowa huteleza vibaya, hasa kwenye mitaa inayoteremka kuelekea bandarini.

Ngome ya pili, San Cristóbal, ndiyo ninayoipenda zaidi nyakati za mvua, kwa sababu imejengwa kwa kuitegemea mvua. Chini ya uwanja wake mkuu kuna matangi matano makubwa, na maji yanayoangukia paa na sakafu huelekezwa kwenye mifereji hadi humo, ili askari wasife kiu adui akiuzingira mji. Mvua ikinyesha ukiwa umejikinga chini ya matao, tazama jinsi maji yanavyokusanyika na kushuka, na utaielewa ngome hiyo kuliko kwa kusoma vibao vyake. Alasiri, mawingu yakishafunga, nenda Cuartel de Ballajá, kambi ya zamani ya jeshi la Hispania iliyo karibu na El Morro. Ghorofani kuna Museo de las Américas, ambako historia ya Waafrika waliopelekwa utumwani katika visiwa hivyo ina nafasi yake, na msomaji wa kwetu hataijutia saa moja au mbili atakayoitumia humo.

Sasa vimbunga. Msimu rasmi huanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba, lakini hatari haikugawanyika sawa ndani ya miezi hiyo sita. Kilele chake ni kati ya katikati ya Agosti na katikati ya Oktoba, wakati bahari imeshika joto na mikondo ya dhoruba inayotoka pwani ya Afrika Magharibi hupata nguvu ikivuka Atlantiki. Tazama baadhi ya tarehe ambazo Puerto Rico ilipigwa: Hugo tarehe 18 Septemba 1989, Georges tarehe 21 Septemba 1998, Maria tarehe 20 Septemba 2017, Fiona tarehe 18 Septemba 2022. Vimbunga hivyo vinne vyote vimeangukia ndani ya siku nne za mwezi mmoja. Kwa hiyo ninaposema uende msimu wa mvua, nina maana ya Mei, Juni, au kuanzia katikati ya Novemba hadi mwanzoni mwa Desemba. Septemba nauli huwa ya chini sana, lakini mimi siwezi kumshauri mtu aende kwa burudani.

Sababu yangu haihusu usalama wa mgeni peke yake. Baada ya Maria, serikali ya Puerto Rico ilikubali makadirio ya vifo 2,975, na baadhi ya nyumba zilikaa bila umeme kwa karibu mwaka mzima. Watu utakaokutana nao dukani na kwenye basi waliyapitia hayo, na dhoruba inapokaribia wao hupanga foleni kununua maji, betri na mafuta ya jenereta. Mtalii anayejazana nao katika foleni hiyo kwa sababu tu aliona tiketi rahisi anawapunguzia wenyeji kilicho kidogo. Ukiwa huko na Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, kilichoko Miami, kikaonyesha kwenye ramani yake ya siku saba kwamba kuna dhoruba inayojengeka kuelekea kisiwani, badilisha tiketi mapema, wakati viti bado vipo. Bima ya safari nayo inunue siku unapolipia nauli, kwa maana dhoruba ikishapewa jina, kwa kawaida bima utakayoinunua baada ya hapo haitakulipa kwa hasara itakayoletwa nayo.

Jambo ambalo wageni wengi hawaliulizi, na ambalo kwangu lina uzito kuliko kuiona bahari kutoka dirishani, ni umeme. Hukatika mara kwa mara hata bila dhoruba. Kabla ya kulipia chumba, mwulize mwenye nyumba kama ana *planta*, yaani jenereta, na *cisterna*, yaani tangi la akiba ya maji, kwa sababu pampu za majengo marefu husimama umeme unapokatika. Uliza pia jenereta hiyo inaendesha nini. Nimekaa katika jengo ambalo jenereta yake iliwasha taa za ngazi na lifti tu, na vyumbani joto la usiku wa Juni likawa kali kiasi kwamba wapangaji walitoka wakaketi barazani hadi alfajiri. Tangu hapo swali langu huwa mahususi: je, kiyoyozi na friji vitafanya kazi? Mitaa ya chini karibu na ufuo, kama Ocean Park, hujaa maji mvua ikizidi, basi ukipata chumba huko kisiwe cha chini kabisa.

Ukienda El Yunque, msitu wa mvua ulioko mashariki ya San Juan, ujue kwamba mvua inaweza kunyesha kileleni huku wewe ukiogelea mtoni kwenye jua. Mto hupanda ghafla, kwa dakika chache, na wenyeji wameupa mpando huo jina la *golpe de agua*. Maji yakianza kubadilika rangi na kubeba majani na vijiti, toka mara hiyohiyo na upande juu. Usivuke kwenda upande lilipo gari.

Juni ina mambo yake mengine. Vumbi la jangwa la Sahara huvuka bahari na kuifanya anga iwe ya kijivu, na mwenye pumu achukue dawa za kutosha. Mwani wa sargaso hutupwa ufuoni na ukioza hunuka vibaya, kwa hiyo uliza ufuo upi ni safi wiki hiyo. Mbu nao ni wengi. Mwaka 2024 serikali ilitangaza hali ya dharura ya afya kwa sababu ya dengi, basi dawa ya kupaka isikosekane. Lakini usiku wa tarehe 23 Juni, mkesha wa mtakatifu ambaye mji unaitwa kwa jina lake, watu hushuka baharini usiku wa manane na kujitupa majini kinyumenyume ili wapate bahati, na mgeni hukaribishwa bila kuulizwa anatoka wapi. Mchana wa siku hiyo nenda Piñones, njia ya Loíza, mji wa watu wenye asili ya Afrika, ukale *alcapurria*, kababu ya ndizi mbichi iliyojazwa nyama, iliyotoka kwenye mafuta. Humo humo utapata wali wa mbaazi, na *mofongo*, ndizi mbichi zilizokaangwa kisha zikatwangwa kwenye kinu pamoja na kitunguu saumu.

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya atahitaji viza ya Marekani, kwa kuwa Puerto Rico iko chini ya nchi hiyo, na aulize kwanza kama viza ya utalii inatolewa kwa raia wa nchi yake, kisha aiombe mapema ili asilazimike kuisogeza safari hadi Septemba. Akiunganisha ndege Miami au Orlando, achague ile ya asubuhi, kwa sababu dhoruba za radi za alasiri katika Florida huchelewesha safari nyingi wakati wa kiangazi cha huko.